Steringi Amesingiziwa

Jumatatu, 2 Juni

Nyumba kimya. Mke wangu yuko kwa mama yake tangu Ijumaa, na safari hii kachukua hadi cherehani. Akichukua nguo, hiyo ni hasira ya kawaida. Akichukua cherehani, hapo pana kazi!

Kosa lenyewe dogo. Nilitaka kwenda sinema kutazama picha mpya ya wezi wa benki. Nikamwambia nitachelewa kurudi, mama wa bosi amefariki, mafundi wote tunakwenda msibani. Uongo mwepesi, hauna mwiba. Nani angejua mke wangu ana moyo mwema kiasi kile? Kapika chakula sufuria nzima, kajitanda mtandio, kaenda kwa bosi kutoa pole. Aliyemfungulia mlango ni marehemu. Marehemu akampokea sufuria, akamkaribisha kiti, akamuuliza nani kafa.

Na picha yenyewe mbovu! Hilo ndilo linaloniuma. Wezi wanapanga muda wote, kuiba wanaiba kidogo, halafu wanagombana mpaka taa zinawashwa. Laiti ingekuwa nzuri, ningekuwa na cha kujitetea.

Bosi leo hakunisemesha. Sisi tunatengeneza makochi. Kanipa kochi kuukuu nilivue kitambaa peke yangu. Nimechomoa pini kutwa, vidole vimekufa ganzi. Mama yake alipita, akasimama mlangoni, akanitazama sana. Nikamwamkia. Kaitikia kwa sauti kubwa, kusudi nisikie kwamba yuko hai.

Jioni simu ya mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Anafanya kazi ofisi ya bima, shati limenyooka hata Jumapili. Kajidai ananipa pole, kumbe anafurahia. Ila kaniachia habari bila kujua. Mama mkwe katolewa mtoto wa jicho, macho yote yamefungwa bandeji kwa wiki hii, na kinachomliza si maumivu, ni picha zake. Mama mkwe na picha ni damudamu. Sasa anasikia milio tu, hajui nani kampiga nani.

Nikakaa kitako. Akili ikawaka. Mimi ndiye nitakayekuwa macho ya mama mkwe!

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda baada ya kazi. Shikamoo mama, marahaba mkwe wangu. Sauti ya baridi. Nikamwambia nimekuja kumsimulia picha. Kasema haya, washa.

Mke wangu hakutoka. Alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Cherehani inaunguruma tu, trrrr, trrrr. Kila ikiunguruma moyo wangu unashonwa.

Picha ya leo ya zamani, ya farasi na bastola. Maoni yangu: za zamani ni nzuri, adui unamjua tangu anaposhuka kwenye farasi. Ila wanasema lugha ya kwao, na maneno ya chini yanapita mbio kuliko macho yangu. Nikaona huo ni mlango. Nikamsimulia mama mkwe kwamba steringi, yaani huyo bwana wa farasi, ana mke, na mke kaondoka kwa sababu ya maneno ya watu. Sasa bwana anazunguka jangwani anamtafuta. Kasingiziwa, maskini.

Mama mkwe akauliza, mbona risasi nyingi? Nikasema anafyatua hewani, ni uchungu.

Cherehani ikanyamaza! Mke wangu anasikiliza. Nikaongeza sauti.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Sufuria zote chafu, lakini nani anajali.

Jumatano, 4 Juni

Mwanyumba kaja! Kasikia habari zangu, wivu umemshika. Kaleta picha mpya, ya wapelelezi, kasema leo atasimulia yeye. Nikampisha kwa adabu zote.

Maoni yangu: picha za siku hizi giza tupu, utadhani walipiga umeme ukiwa umekatika. Watu wananong'ona, ukisogea uwasikie, muziki unakupasua masikio. Na gari likianguka halivunjiki.

Mwanyumba anasimulia kama anasoma masharti ya bima. Mtu mmoja kaingia. Mtu wa pili katoka. Gari jeusi, la milango minne. Mama mkwe akaanza kukoroma kabla mpelelezi hajapeleleza chochote. Mwanyumba akaendelea kumsimulia mtu aliyelala! Nilijiuma ulimi nisicheke.

Alipoamka kasema mwanyumba anajitahidi, ila kesho aje yule mwingine. Yule mwingine ni mimi. Mwanyumba kavaa viatu bila kuaga.

Jambo moja limenisumbua. Nilipokuwa natoka nilimwona mke wangu uani anaanua nguo. Kakonda kidogo. Nikataka kumwita. Nikajifanya natafuta kandambili zangu, nilizokuwa nimezivaa.

Alhamisi, 5 Juni

Chai! Nimeletewa chai. Mkono wake umepita kwenye pazia, kikombe juu ya kigoda, mkono ukarudi. Nikaonja. Ina sukari! Jumanne ilikuwa hasira tu, hata maji sikupewa. Leo sukari.

Nikapandwa na mori. Picha ilikuwa ya vita, mpya, mizinga mwanzo mwisho. Sikujali. Nikamfanya jenerali kuwa mume. Vita vyote vile, nikasema, vimeanza kwa sababu mkewe kachukua vyombo vyake karudi kwao. Jenerali anapiga magoti kwenye matope, machozi yanamlowesha nishani. Mama mkwe akauliza mbona mizinga inalia hivyo na mtu anabembeleza mke. Nikasema ni ya kumsindikiza.

Hapo ikatoka sauti nyuma ya pazia. Sauti yake mwenyewe, baada ya siku zote hizi. Aliuliza kitu kimoja tu: huyo mume, alimkosea nini mkewe?

Ulikuwa mlango wazi, ningepita hata kwa kutambaa. Nikafungua kinywa. Nikasema hakumkosea kitu, kasingiziwa.

Cherehani ikajibu: trrrr.

Nimekuja nyumbani kwa miguu, njia nzima najisemesha. Kwa nini nilisema vile? Ningesema alidanganya. Neno lenyewe jepesi. Ningesema alidanganya, mkewe akapata aibu mbele ya watu, amebeba sufuria kwa mtu mzima wa afya. Nimejuta. Sikula. Hata chakula chenyewe hakikuwapo.

Ijumaa, 6 Juni

Sikwenda. Bosi katubakiza kumaliza makochi ya mteja mwenye haraka. Nimekata sponji huku nawaza. Nimekata la mgongo nikaliweka kwenye kalio, kochi likawa kama ngamia. Bosi kasema kama kichwa changu kiko msibani niende nikakichukue. Mafundi wenzangu hawana mbavu.

Lakini mpango nimeupata. Tatizo ni picha nilizochagua. Farasi, mizinga, mtu anaona tu havilingani. Inatakiwa picha ya mapenzi, ya zamani, ya kuliza. Mama mkwe ana sanduku la kanda zake za zamani. Nitachagua humo. Picha ikilia, na mimi nikalia, na pazia litalia.

Jumamosi, 7 Juni

Nimevaa shati la harusi. Halifungi tumboni, nikaweka kitambaa hapo.

Sandukuni nikapata kanda yenye picha ya mwanamume wa kofia na mwanamke, wako kituo cha treni. Sijawahi kuiona. Nikamwambia mama mkwe nimeipata moja nzuri. Akauliza ipi. Nikamwelezea picha ya juu ya kasha. Akatabasamu kidogo, kasema weka.

Maoni yangu, kwa ukweli wa Mungu: ile ndiyo picha. Watu hawakimbii, hakuna bastola, lakini kifua kinabana. Nikasimulia kwa hisia. Mwanamume kafanya kosa (nikasema wamemzushia), mwanamke kakasirika. Mwishoni wako kituoni. Nikaona mwanamke anapanda treni. Treni inaondoka! Mwanamume kabaki na kofia mkononi. Nitafanya nini? Nikasema treni imesimama. Nikasema kashuka, kamkimbilia, wamekumbatiana, wamerudi nyumbani, wamekunywa chai. Machozi yalinitoka kweli.

Kanda ikafika mwisho, ikakwaruza. Kisha mama mkwe akaanza kusema, polepole, bila ukali, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Kasema picha ile anaijua kama kiganja chake. Marehemu baba mkwe ndiye aliyempeleka kuiona, kabla hawajaoana, na baadaye akatafuta kanda yake. Treni haisimami. Haijawahi kusimama. Na kila walipoitazama, treni ikishaondoka, mzee alimshika mkono akamwambia neno moja: nimekosa. Kwa lolote alilofanya siku hizo, dogo au kubwa. Hakuwa na maneno mengi, lakini lile alikuwa nalo.

Nikamuuliza, na zile nyingine? Ya farasi? Kasema mkwe wangu, nimefungwa macho, sijafungwa akili. Mtu anayetafuta mkewe hafyatui risasi zote zile. Aliniacha niendelee kwa sababu alidhani mtu anayeweza kumwombesha msamaha jenerali mzima, iko siku atautoa kinywani mwake mwenyewe.

Nilitamani sakafu inimeze.

Pazia likafunguka. Mke wangu akasimama pale, sindano imechomekwa kifuani mwa gauni, macho mekundu. Hakunifokea. Bora angenifokea. Kasema hataki picha, hataki zawadi, hataki nimlilie kwa shati lisilofunga. Jumatatu saa kumi atakuja nyumbani na cherehani yake. Anikute mlangoni, nimwambie neno lile alilosema baba yake. Moja tu. Nikilisema ataingia, tutasahau. Nisipolisema, asisumbuliwe tena.

Ningelisema palepale! Lilikuwa hapa kwenye ulimi. Lakini nikawaza, hivi hivi tu? Mbele ya mama mkwe, bila maandalizi? Nikasema sawa, Jumatatu.

Jumapili, 8 Juni

Nimefua. Nimeosha sufuria zote. Nimefagia mpaka chini ya kitanda, nikakuta kandambili ya mke wangu, nikakaa nimeishika. Nampenda yule mwanamke. Sijui kwa nini huwa nakuja kuliona hilo nyumba ikiwa tupu.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nimekosa. Linatoka kavu. Nimekosa! Hapo kama nagombana. Nimekosaaa. Hapo kama nauza mboga. Neno moja ni dogo mno kwa kosa kubwa hivi. Atadhani sijali. Linahitaji kutangulizwa na maneno, kama bwana harusi anavyotangulizwa na ngoma.

Jumatatu, 9 Juni

Leo ndiyo Jumatatu yenyewe.

Bosi kaniruhusu saa saba. Mbele ya sinema nikaona tangazo: picha mpya, mume anamrudisha mkewe. Nikasimama. Mimi, wa leo, wa kuomba msamaha, napita mbele ya picha kama ile! Ilikuwa ni ishara. Nikasema naingia nusu ya kwanza tu, nichukue maneno mawili matatu, nitoke. Saa tisa niko nyumbani.

Maoni yangu: hatimaye wametengeneza picha! Mwanga upo, watu wanasema wakasikika. Huyo mume mjanja kupita kiasi. Kila nilipotaka kuinuka, ndipo alipokuwa anakaribia kuomba msamaha. Nikawaza, nisikie anavyosema, niondoke. Hakusema. Nikasubiri. Nilipotoka nje jua lilikuwa limelala juu ya mapaa.

Nimekimbia. Kiatu kimoja kimechanika.

Mlango umefungwa kama nilivyouacha, ufunguo ninao mimi. Jirani, mama wa nyumba ya pili, alikuwa anamwagia maua. Kasema mkeo alikuja saa kumi kamili, kabebewa cherehani na mwenye mkokoteni. Hakukubali kuingia kwa jirani kusubiri. Alikaa hapo kibarazani, juu ya kasha la cherehani, mikono kapakata. Kila mtu akipita kona anainua kichwa. Kangoja muda mrefu, mpaka mwenye mkokoteni akarudi kuuliza kama bado yupo. Wakapakia. Jirani kasema hakulia, ila aliufuta mlango kwa mtandio wake, pale palipokuwa na vumbi karibu na kitasa.

Nikakimbia mpaka barabarani. Hakuna mtu. Narudi nahema, jirani kaniuliza vipi, umempata?

Nikamjibu palepale, bila kujiuma, bila kioo: nimemkosa.

Limetoka zuri ajabu. Herufi moja tu imezidi.

Nilikaa kidogo kibarazani, pale alipokaa. Kifua kinaniuma, sitanii. Simu yake haipokelewi. Simu ya mama mkwe kapokea mwanyumba. Kasema mama ametolewa bandeji leo, anaona vizuri sana, na hataki kuniona.

Lakini yule mume wa kwenye picha alipata mbinu. Alikwenda mpaka mlangoni kwa wakwe, akaanguka, akajifanya amezirai. Mke akatoka mbio, akamwinua, yakaisha, hakuhitaji kusema neno lolote. Kesho nitakwenda. Nimeshajaribu kuanguka hapa sebuleni. Kwa ubavu inaonekana uongo, kwa magoti ndiyo hasa. Goti la kushoto limevimba, ila la kulia bado zima.