Hotuba ya Mkuu Isikatwe

Umma unataarifiwa kwamba mwaka 2004 Chuo cha Stadi na Maarifa Nyamiaga kilikuwa chuo cha kwanza wilayani Ngara kufundisha Kozi ya Uandaaji wa Medianuwai kwa Tovuti. Kwamba chuo hakikuwa na mtandao, hilo halikutukwamisha. Shule zetu zinafundisha habari za bahari, na hapa kwetu bahari haijawahi kufika.

Mimi, Gidioni Bizimana, nilikuwa Mratibu wa kozi hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuratibu. Kufundisha alifundisha Josiane Niyongabo, Mrundi aliyesomea mambo hayo Bujumbura kabla vita havijamleta kwenye kambi ya wakimbizi. Kila asubuhi alitoka kambini kwa kibali, na kibali hicho kilisimama kwa neno la Mkuu wetu wa Chuo, Mzee Gervasi Nshoma. Kwa sababu hiyo mwalimu alikuwa na nidhamu ya hali ya juu.

Mtaani waliiita kozi ya picha zinazoongea. Wanafunzi walijifunza kupiga picha, kurekodi sauti, na kuviweka pamoja kwenye ukurasa, ili mtu akibofya picha amsikie mwenye picha akisema. Kurasa zingewekwa kwenye sidii, sidii ingepanda basi hadi Mwanza, na huko ndiko zingeingizwa mtandaoni. Dunia nzima tovuti husafiri kwa waya. Ya kwetu ilisafiri kwa basi, tena ikipita Biharamulo kusalimia.

Mambo yalianza kuharibika kwa Ildefonsa, binti wa wakulima wa migomba wa hapo hapo Nyamiaga. Kazi yake ya mwisho ilikuwa ukurasa wa mama mmoja wa kambini, jina lake Iteka. Mama huyo alipotezana na bintiye, Nkeshimana, walipokuwa wakikimbia vita. Pichani alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake ya turubai. Ukimbofya, unasikia anaita kwa Kirundi, "Nkeshimana, mwana wanje," yaani mwanangu, kisha anaimba wimbo aliokuwa akimbembelezea usingizi.

Kamati ya Kuhakiki Mwonekano wa Tovuti ilikaa mara moja. Wajumbe walikuwa Mkuu, mimi, na bwana stoo Kazimili, aliyeteuliwa kwa kigezo kwamba funguo za chumba cha kompyuta anazo yeye. Josiane na Ildefonsa waliitwa kama wajumbe waalikwa.

"Huyu mama mbona amenuna?" aliuliza Mkuu.

"Amepotelewa na mtoto, Mkuu," Josiane alijibu.

"Pole yake. Lakini dunia itasema Nyamiaga yote imenuna."

"Apigwe tena," alishauri Kazimili. Mwalimu alipomkazia macho, akaongeza: "Picha."

Mkuu alitoa uamuzi. Ukurasa utakaokwenda Mwanza ni mmoja tu, nao utakuwa wa salamu zake.

"Na mama Iteka?" aliuliza Ildefonsa.

"Atangoja awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini, Mkuu?"

"Itatangazwa awamu ya kwanza ikikamilika."

"Nayo inakamilika lini?"

"Binti, hayo ni mambo ya kiutawala. Usiyaharakishe; ni kama chai ya moto."

Josiane alizungumza polepole. "Mkuu, yule mama hunisubiri njiani kila jioni nikirudi kambini. Ananiuliza kama mtoto amejibu. Nimwambie nini?"

"Mwambie suala lake linafanyiwa kazi. Nawe mwalimu, kibali chako kinakaribia kwisha. Mimi huwakumbuka watu wanaonikumbuka."

Mwalimu akainamisha kichwa. Mimi niliandika kwamba mjumbe mwalikwa ameridhia.

Siku ya kurekodi, Mkuu alifunga tai nyekundu akakaa mezani kwake. Josiane alimwekea kipaza sauti, akamweleza kuwa baadaye atapunguza vikohozi na maneno yasiyohitajika.

"Hakuna kupunguza!" Mkuu aliruka. "Redio moja iliwahi kunikata nikiwa bado nasalimia. Sauti yangu isikatwe, tangu unapowasha mpaka unapokuja kuzima."

"Hata mwishoni, Mkuu? Mwishoni huwa kunaingia mengine."

"Ukikata hata herufi, kibali usahau."

Niliunga mkono. Kiongozi hana maneno yasiyohitajika. Josiane aliwasha, akaagizwa atoke nje kwa kuwa Mkuu hapendi kutazamwa akitafuta neno. Mkuu alihutubia dunia kwa kirefu. Alipomaliza, yeye nami tuliendelea na mazungumzo ya kawaida ya kikazi, mpaka mwalimu alipoitwa kuja kuzima.

Uzinduzi ulifanyika bwaloni. Mgeni rasmi alikuwa Bi Secilia, afisa elimu kutoka kanda. Wazazi walijaa, na nyuma kabisa walikaa watu wachache wa kambini waliopata ruhusa, Iteka akiwa mmoja wao. Kazimili alihangaika na jenereta nje mpaka ikakubali.

Josiane akabofya. Sura ya Mkuu ilitokea ukutani, tai na yote, na spika zikanguruma: "Ndugu wananchi wa dunia!" Tulipiga makofi. Hotuba ilikwenda, ikaenda, ikafika mwisho. Mwalimu aliponyoosha mkono kuizima, Mkuu alimkatalia kwa kidole. Alidhani kuna makofi yamerekodiwa.

Kilichosikika kwanza ni pumzi ndefu. Halafu sauti yake:

"Gidioni, nimetoka vizuri?"

"Kama waziri, Mkuu." Hiyo ilikuwa yangu.

"Sasa niambie ukweli. Hii tovuti ni kitu gani hasa?"

"Kwa kweli hata mimi sijui, Mkuu. Ila kamati yake tumeshaiunda."

"Safi. Tukishapata sifa kwa watu wa kanda, huyu mwalimu arudi kambini. Tutasema kozi tuliianzisha wenyewe."

"Na nani atafundisha?"

"Nani atakuja kukagua? Hao wageni wanafuata mbuzi tu. Yule Secilia mwaka jana alimaliza paja zima peke yake!"

Vichwa vyote viligeuka kumtazama Bi Secilia. Kisha mzee mmoja akapasuka kwa kicheko, na wengine wakamfuata.

"Zima!" Mkuu alifoka. "Zima hiyo kitu!"

Josiane alisimama wima, mikono nyuma. "Mkuu, naogopa kukata."

Nilichukua mwenyewe hatua za dharura: nilichomoa waya. Ukawa waya wa feni.

Bi Secilia hakucheka. Alisubiri kelele zitulie, akasema, "Lilikuwa paja dogo." Akamgeukia Josiane. "Mwalimu, wanafunzi wako wameandaa ukurasa mwingine?"

Kabla kamati haijaitishwa, Ildefonsa alikuwa ameshafika kwenye kompyuta. Turubai likatokea ukutani, na mbele yake mama asiyetabasamu. Wimbo ulipoanza, hakuna aliyecheka tena. Kule nyuma Iteka alijiziba mdomo kwa kanga. Hakuwa amewahi kusikia sauti yake ikitoka mahali pengine. Warundi waliokaa naye waliuitikia wimbo kwa sauti ya chini.

Bi Secilia aliomba urudiwe. Kisha akasema, "Huu ndio utakaopanda basi la Mwanza."

Jibu lilikuja masika. Katika kambi moja kule Kibondo, mfanyakazi wa shirika la misaada aliufungua ukurasa huo mbele ya vijana waliofika bila wazazi. Msichana mmoja alisimama kabla wimbo haujaisha, akaumalizia mwenyewe. Siku gari lilipomleta, Iteka hakulia wala hakukimbia. Alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua kitu alichoazima jirani, ndipo akakaa chini. Josiane alikuwa amebeba kamera. Hakuitoa mkobani.

Kwa upande wa utawala, mabadiliko yalikuwa madogo. Mzee Nshoma alipangiwa majukumu mengine, ambayo mpaka leo yanatafutwa. Josiane alipewa kibali kirefu, na pia uratibu. Bi Secilia aliagiza kwamba mtu yeyote aliyewahi kuratibu kozi hiyo aisome, hivyo nikahamishiwa darasani, dawati la mbele, kwa usimamizi wa karibu. Mwalimu Josiane akiingia, nasimama na wenzangu na kumwamkia.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, ilibainika kwamba mchango wangu darasani ulikuwa mkubwa mno. Wenzangu wote waliruhusiwa kuondoka. Mimi peke yangu niliombwa nibaki mwaka mwingine.