Deni Nililolilipa Linanifuata Hadi Handeni

Jumatatu, 7 Julai 2025

Mdoe amepata guta. Jipya! La matairi matatu, kiti bado kina nailoni. Amepita mbele ya nyumba yangu mara tatu asubuhi hii, na mara zote amepiga honi. Anasema anazoea breki. Breki gani zinazozoewa kwa honi? Mkopo wa benki, Handeni mjini, siku tisa tu. Mimi na yeye tulianza biashara ya mahindi hapa Mkata mwaka mmoja, kila mtu na debe lake. Leo yeye ana guta. Mimi nina debe.

Nimeamua. Nitanunua mashine ya kupukuchua mahindi. Mzee Matayo wa Kwaluguru anauza yake kwa milioni mbili na nusu. Nimempigia simu, nikampa shikamoo ya heshima zote, akakubali kunishikia hadi Jumamosi ya tarehe 19. Msimu ndio huu. Nikiwapukuchulia watu msimu mmoja tu, nitaezeka nyumba kabla ya vuli. Mvua zilizopita mke wangu Efrazia alilala na beseni pembeni ya mto. Nimemwahidi bati mpya.

Jumanne, 8 Julai

Benki. Afisa mikopo ni binti anaitwa Pendo, umri wa mpwa wangu. Ametoa ripoti yangu ya mikopo. Karatasi moja, na juu yake deni la mwaka 2017! Laki sita, mkopo wa kikundi, kampuni ya Korogwe. Lakini nililimaliza! Pendo amesema ndiyo, limeandikwa limelipwa, ila kwa kuchelewa miezi minne. Si tatizo, amesema. Nilete barua ya kumaliza deni kutoka Korogwe, na mdhamini mmoja, mkopo utatoka ndani ya wiki.

Mimi nimesikia neno moja tu. Kuchelewa! Nimemuuliza kama na karatasi ya Mdoe imeandikwa hivyo. Amejibu kwamba habari za mteja mwingine hazisemwi, kisha akatabasamu. Nimelielewa lile tabasamu. Karatasi ya Mdoe ni nyeupe pee.

Jumatano, 9 Julai

Nimemsimulia Efrazia. Badala ya kunionea huruma ameniuliza kama ripoti inataja na kabati.

Kabati! Mkopo ule tulichukua watu watano, kila mmoja akimdhamini mwenzake. Mmoja akikwama, wenzake wanaingia kwake na kubeba chombo cha thamani hadi alipe. Ndivyo vikundi vinavyokwenda. Nilipokwama wakaja asubuhi kweupe, wakabeba kabati la vyombo alilopewa Efrazia siku ya harusi, likakaa miezi minne kwa mwenyekiti wetu, Mama Asnath. Na nani alishika upande wa mbele? Mdoe. Na akalalamika kwamba ni zito!

Jioni kaja huyo huyo Mdoe. Amesikia natafuta mdhamini, yuko tayari kusaini. Amesema huku akizungusha ufunguo wa guta kidoleni. Nimemshukuru, nikamwambia wadhamini ninao wengi, sijui hata nimchague nani. Sina hata mmoja. Lakini bora nikose mashine kuliko jina la Mdoe likae chini ya jina langu kama nguzo.

Alhamisi, 10 Julai

Korogwe. Nauli kwenda na kurudi, na jua kali. Ofisi ya ile kampuni iko nyuma ya duka la pembejeo. Karani wake, Deogratius, kijana mpole, amesema barua ya kumaliza deni ni dakika kumi tu, nikae kwenye benchi. Nikamwambia sitaki barua. Nataka deni lifutwe, karatasi iwe nyeupe kama ya watu fulani. Amesema jambo la kweli halifutwi. Kinachoondolewa ni deni la makosa, mtu akilalamika kwamba si lake.

Nikaomba fomu ya malalamiko.

Ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimeandika kwa herufi kubwa: DENI HILI SILIJUI. SIJAWAHI KUKOPA POPOTE. Nikasaini kwa mbwembwe, ule mkia wangu wa herufi ya mwisho ukapita hadi ukingo wa karatasi. Akili hizi Mdoe hana! Nimenunua machungwa sita stendi, nikala yote peke yangu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimempigia Mzee Matayo, nikamwambia aanze kuipaka mashine grisi. Amesema kuna mwingine ameiulizia. Sikumuuliza ni nani. Nimesikia honi barabarani, nikajua.

Jumatatu, 14 Julai

Msiba! Pendo kanipigia. Ombi langu limesimamishwa hadi malalamiko yaishe. Anauliza, kwa adabu, ilikuwaje mtu asiyewahi kukopa akawa na saini ileile ya mwaka 2017, na mkia wake. Amesema lile deni halikuwa linanizuia hata kidogo. Kinachonizuia sasa ni kulikana. Siwezi kuondoa malalamiko kimyakimya, lazima kampuni ihoji waliokuwa wadhamini wangu. Yaani kikundi. Yaani Mdoe!

Jumatano, 16 Julai

Deogratius amekuja na faili. Kikao kimefanyika sebuleni kwangu. Wawili wa kikundi walishahama, kwa hiyo wamekuja Mama Asnath na Mdoe. Wamedhani kuna mtu ananisingizia kwamba sikulipa, wakanitetea kwa nguvu zote. Mama Asnath kaleta daftari la kikundi, tarehe zote zimo, na dole gumba langu limo. Akaapa kwamba mimi, Erasto, nilikopa, tena nilikopa mbele ya macho yake. Mdoe akasimama. Akaeleza nilivyouza mbuzi wawili ili nimalize lile deni, na kwamba hajaona mtu mwenye aibu nzuri kama mimi. Kisha akamwonyesha Deogratius pembe ya kabati iliyobonyea siku walipolibeba. Deogratius akaipiga picha ile pembe!

Nilitamani ardhi ipasuke. Efrazia amewakaribisha chai, vyombo kavitoa kwenye kabati lilelile, polepole, kimoja kimoja. Na kilichoniuma zaidi nakiandika hapa kwa siri: Mdoe alizungumza vizuri. Laiti ningezungumza vile mimi.

Malalamiko yamekataliwa. Kufungwa rasmi ni siku thelathini. Nimehesabu mara tatu. Inaangukia Agosti, mahindi ya watu yameshaingia ghalani.

Jumamosi, 19 Julai

Mzee Matayo hakuweza kungoja. Simlaumu, ana mjukuu wa kupeleka shule. Saa nne mashine imepita hapa mbele juu ya guta. Honi tatu. Efrazia alikuwa uani anaanika nguo. Ameitazama ikipita, kisha akatazama paa, kisha akaendelea kuanika. Afadhali angenigombeza.

Mdoe amesimama kwenye ua wetu kunipa habari kwamba mashine ameinunua yeye. Nilimuuliza, kwa hasira kidogo, mtu mwenye karatasi nyeupe anajisikiaje. Hakunielewa. Akafungua mfuko wa nailoni chini ya kiti cha guta, akanionyesha ripoti yake. Madeni manne ya zamani! Yote yamelipwa, moja kwa kuchelewa mwaka mzima, na kila moja lina barua yake ya kumaliza. Anasema benki walifurahi kuona mtu anayekopa na kumaliza.

Manne. Mimi nina moja tu.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya kanisa Mdoe amekuja tena. Niendeshe mimi ile mashine msimu huu, theluthi ya mapato iwe yangu, na Agosti yeye atanidhamini nichukue ya kwangu. Efrazia amenikanyaga mguu chini ya meza, maana yake nikubali. Theluthi ingetosha bati za upande wa chumbani.

Nimekataa. Niwe kibarua wa Mdoe? Nina mpango bora. Usiku huu nakopa kwenye simu, mikopo midogo midogo, mitano. Mitano! Halafu nitailipa yote, na barua zake nitazitia kwenye mfuko wa nailoni mzuri kuliko wake. Mdoe alichelewa mwaka mmoja. Mimi nitachelewa miwili.