Bahasha za Mlango wa Bluu

Wananchi wote, wakimbizi wote na wapita njia wote mnajulishwa kwamba tatizo la bahasha limekwisha. Nimelimaliza mimi mwenyewe, Katibu wa Ofisi ya Ukaguzi wa Bahasha, Kakoba, Mbarara, kwa waraka wa kurasa kumi na moja ambao mke wangu aliusoma hadi ukurasa wa pili akasema umetosha.

Waraka huo umejaa busara. Anwani sharti ichapishwe kwa mashine, maana mwandiko wa mkono hutetemeka, na ofisi haitetemeki. Mtumaji ataje namba ya kiwanja, jina la barabara na namba ya geti. Kisha kuna kifungu cha tisa, kipenzi changu: bahasha ikaguliwe kwa nje tu. Ikiwa na kosa, igongwe muhuri wa IRUDISHWE bila kufunguliwa. Kusoma ya ndani kabla ya kupitisha ya nje ni umbea.

Jumatatu aliingia mama mmoja Mrundi, Pulchérie, mwenye kibanda cha chumvi na sabuni huko Misiera, kambi ya Nakivale. Mama yake mzazi, bibi Cansilde, alikuwa amevuka mpaka wiki iliyopita na kupewa hifadhi na masista hapa mjini. Chumba walichompa kilikuwa kimeahidiwa wageni wengine kuanzia Ijumaa. Ili bibi aende kukaa kambini kwa bintiye, kilitakiwa kibali changu. Kibali huombwa kwa barua, na barua huja ndani ya bahasha.

Bahasha yake ilikuwa imeandikwa kwa kalamu. Nikaigonga muhuri.

"Shefu," akasema, "sasa hii inarudi kwa nani?"

"Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi, na niko hapa mbele yako."

"Basi imeshafika. Unaona vile ofisi iko haraka?"

Yaliyofuata nilisimuliwa na Larissa, tarishi wangu, ambaye hucheka kuliko cheo chake kinavyoruhusu. Pulchérie aliazima printa kuukuu ya kwaya, akaiunga kwenye betri ya sola, akapima karatasi kwa utepe wa fundi cherehani. Bahasha ya kwanza ilitoka anwani ikiwa kichwa chini miguu juu. Ya pili ilimezwa na mashine. Ya tatu ikatoka safi. Akaikunja na kuibandika kwa uji mzito wa muhogo. Pembeni alikuwa amechora kwa kompyuta ya jirani picha ya mlango mdogo wa bluu.

Jumatano aliiweka mezani kwangu. Nikatoa rula. Nasema kweli, nilimwonea wivu, kwani bahasha zetu za ofisi hufunguka zenyewe kabla ya kufika posta. Lakini anwani ya mtumaji ilisomeka hivi: *Pulchérie, Misiera, mlango wa bluu nyuma ya kanisa. Ukifika kwa Godeberthe wa maandazi, umepita. Rudi.*

"Wewe mama, namba ya geti iko wapi?"

"Sina geti, Shefu. Niko na mlango."

"Na barabara?"

"Kuko njia ya mbuzi."

"Haina jina?"

"Haina. Lakini mbuzi hawapotei."

Nikagonga muhuri. Hakulia. Aliuliza tu, "Shefu, Ijumaa mama yangu atalala wapi?"

Nikamweleza kwa upole kwamba swali hilo limo ndani ya bahasha, na mimi kazi yangu ni ya nje. Akaiacha bahasha palepale mezani akatoka. Larissa akaiokota.

Alhamisi asubuhi basi la Kampala lilileta bahasha ya kaki, imeandikwa kwa kalamu ya wino: *Katibu, yule wa bahasha, Mbarara.* Hakuna kiwanja, hakuna geti.

"Mkubwa, huu mwandiko ni wa Mkurugenzi," Larissa akasema. "Fungua tu."

"Larissa, sheria haina mjomba."

Niligonga kwa mikono miwili, nikaamuru irudi kwa basi lilelile. Larissa aliinamisha kichwa, nadhani kwa heshima.

Ijumaa Mkurugenzi alinipigia simu. Ndani ya ile bahasha kulikuwa na mkataba wangu mpya, uliotakiwa kurudi na saini yangu. Ulikuwa umerudi na muhuri wangu. Alisema anaheshimu uamuzi wangu wa kukataa kazi, na kwamba kiti atakishika Larissa. Kabla sijamaliza kukusanya kalamu zangu, Larissa alikuwa ameshafungua bahasha ya Pulchérie, akasaini kibali na kumpa mtu wa boda akampeleke bibi kwa bintiye.

"Nitapajuaje huko?" yule wa boda akauliza.

Larissa akamwonyesha pembe ya bahasha. Jua halijazama, alikuwa amesharudi.

Mimi niliamua kukata rufaa. Waraka wangu ulitaka rufaa ije kwa Katibu kwa bahasha iliyochapishwa, kwa hiyo nikaenda Misiera. Nilipita kanisa, nikatembea, nikatembea, hadi mama mmoja mwenye sinia la maandazi akanikodolea macho.

"Umepita," akasema. "Rudi."

Kwenye mlango wa bluu bibi Cansilde alikuwa akichambua maharage. "Huyu ni nani?" akamuuliza bintiye.

"Ni yule mtu wa bahasha, mama."

Bibi akanisogezea kigoda chake, yeye akakaa kwenye mkeka. Niliona aibu, nikakaa.

Pulchérie akawasha printa. "Anwani yako ya ofisi?"

"Sina ofisi."

"Ya nyumbani, basi."

Nikamtajia kiwanja, barabara na namba ya geti, kule mtaani kwangu Nyamityobora. Akachapa zote.

Jibu lilifika Jumanne, kwenye bahasha nzuri iliyobandikwa kwa muhogo. Kwa kuheshimu kifungu cha tisa, Larissa hakuweka kitu ndani. Alichapisha yote kwa nje, kwa herufi kubwa: *KWA ALIYEKUWA KATIBU. RUFAA IMEKATALIWA.* Mtu wa boda aliyeileta kutoka Kakoba alinipa pole kabla hata hajazima pikipiki.