Namba ya Siri ya Duka la Mama Kanyere

Jumatatu, tarehe 5 Novemba 2012
Masisi-centre. Mama Kanyere, mwenye duka, anafungua duka la pili kule Nyamitaba. Anahitaji msimamizi. Ataamua Jumapili baada ya misa: mimi ao Isidore. Isidore anachekesha wateja. Mimi nina diploma ya sekondari.

Nimepata njia. Simu mbili za duka zinachezewa ovyo. Ndizo zinazotuambia kama barabara ya Sake iko wazi kabla lori letu halijaondoka. Juma lililopita Isidore alimaliza chaji akimsalimu mchumba wake wa Shasha. Atakayelinda simu ataaminiwa duka.

Jumanne, tarehe 6
Nimeweka namba ya siri kwenye kadi za simu zote mbili. Ukiwasha simu, inaidai. Namba moja, nisisahau. Sikuiandika popote, karatasi huibiwa. Nimeagiza pia simu zizimwe mchana ili kutunza chaji.

Niliwaeleza nikiwa nimesimama. Isidore akasema hata padri hafungi tabernakulo hivi. Mama Kanyere akauliza kwa upole: "Papa Polycarpe, na siku hauko hapa?" Nikamjibu kwamba nitakuwepo siku zote.

Alhamisi, tarehe 8
Sikuwepo. Nilikuwa Lushebere kwa fundi, napimwa koti la usimamizi. Watu wakaanza kupita na magodoro kichwani: mapigano kwenye barabara ya Sake. Na Archange, dereva wetu, alikuwa Sake, tayari kuondoka na mzigo wa chumvi na sabuni.

Nilirudi mbio. Nilikuta hatari imekwisha, wakanisimulia.

Isidore alijaribu simu ya kwanza: mwaka niliozaliwa, mwaka wa diploma yangu, kisha 1234. Kwa kosa la tatu kadi ikajifunga kabisa. Ile 1234 naihesabu kama tusi.

Mama Kanyere hakupaza sauti. Alitazama kalenda ya parokia ukutani. Tarehe 23 Februari, Mtakatifu Polycarpe, somo wangu, siku ambayo kila mwaka nadai pongezi za duka zima. Akabonyeza 2302. Simu ya pili ikafunguka.

Namba ya Archange aliitoa kichwani. Za madereva wote anazo kichwani. Alimkuta na mguu mmoja ndani ya kabini. Lori halikutoka.

Mimi nilimkuta akifumua pindo la kitenge chake, akatoa kipande cha karatasi ngumu chenye namba ya kufungulia kadi iliyojifunga. Kila kadi anayoinunua, anashona karatasi yake pindoni. Alianza tangu alipokimbia vita mara ya kwanza. Mimi na diploma yangu tulibaki kutazama. Yule mama ni chuo kizima.

Isidore akanigonga bega: "Kaka, ulifunga mulango, ufunguo ukauacha ku ukuta."

Jumapili, tarehe 11
Isidore anakwenda Nyamitaba. Mimi ninabaki. Mama Kanyere alisema mbele ya watu kwamba anataka kuniona kila siku kwa macho yake mwenyewe. Sijawahi kusifiwa hivyo.

Akaniagiza nibadilishe namba, nimwambie yeye, na watakatifu niwaache wapumzike.

Nimebadilisha. Nitamwambia kesho, nikiwa nimevaa koti. Ni 1612, Mtakatifu Adelaïde, jina lake la ubatizo. Hii si mazoea, ni heshima. Nani ataikisia?

Kwa usalama zaidi, kalenda nimeigeuza itazame ukuta.