Jina la Namalwa Lirudishwe, Ama Meli Ifanyiwe Matanga

Naguru, Kampala.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Majina, Kampuni ya Meli Ziwa Letu,
Nakasero.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe pamoja na jina lako.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu: mimi huongea na meli. Darasani nikiulizwa swali hujifanya natafuta kalamu, lakini kila Jumamosi nikimpelekea baba chakula Port Bell, husimama gatini nikasema, "Habari ya asubuhi, Mama Namalwa," na maneno hutoka yote.

Baba yangu, Odero, ni fundi wa injini katika meli hiyo. Mwezi uliopita kampuni ilinunua meli mpya. Kamati yako ikaona Namalwa ni jina zuri, ikaivua meli ya zamani na kuivika mpya. Ya zamani, ambayo bado inabeba saruji hadi Mwanza, sasa inaitwa Chombo cha Huduma Namba Mbili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwetu sisi Wajaluo, mtoto hupewa jina la mtu aliyekwisha kufa. Kumpa jina la aliye hai ni kumwambia mwenyewe achimbe kaburi. Kwa hiyo mmeiua meli ya baba huku ikielea. Nadai matanga: turubai, viti, chai ya maziwa, na wewe Mheshimiwa usimame ueleze jinsi ulivyomfahamu marehemu.

2. Karani wako alimjibu baba, "Mzee, wacha maneno mingi. Meli za biashara zinashiriki majina dunia nzima." Ni kweli, nimesoma maktaba ya shule. Ndiyo maana meli kubwa hupewa namba isiyobadilika maisha yake yote. Lakini kushiriki ni wawili kula sahani moja. Ninyi mmenyang'anya sahani. Hata wanamaji wa kivita, ambao kazi yao ni kuzamisha, kwa kawaida husubiri manowari ya zamani istaafu ndipo jina lake lipewe nyingine. Kamati iliyozidiwa adabu na manowari inastahili pongezi, nami nazitoa.

3. Mtoto akilia bila kukoma, wazee wetu humtajia majina ya marehemu moja moja mpaka anyamaze kwa lililo lake. Siku ya uzinduzi meli yenu mpya ilipiga honi asubuhi nzima, ikashindikana kuzimwa. Mlisema ni waya. Naomba kamati yote ijipange gatini iitajie majina. Ikiyakataa, jaribuni na yenu.

4. Jina la zamani lilichomelewa kwa herufi za chuma. Mmelipaka rangi juu yake, na jua likipiga linasomeka vizuri kuliko mwanzo. Baba hulipita kila siku. Zamani akiulizwa kazi alisema, "Niko Namalwa," akanyoosha mgongo. Sasa husema, "Niko bandarini tu." Jumapili nje ya kanisa jirani yetu Owuor alimtania, "Odero, hiyo Namba Mbili, Namba Moja ilienda wapi?" Baba alicheka na wenzake. Tulipofika nyumbani hakula.

5. Basi jina lirudi. Likishindikana, naomba usawa: ateuliwe mtu mpya, apewe jina lako, nawe uitwe Mwenyekiti wa Huduma Namba Mbili ukiendelea na kazi ileile.

Wasalimie wajumbe, karani, aliyepaka rangi, na meli mpya, ambayo haina kosa.

Mimi, mwenye heshima kuliko ninavyotaka,
Vera Odero,
mwanafunzi wa sekondari.

N.B. (kwenye nakala niliyobaki nayo) Kabla ya kuifunga barua nilimsomea mama. Akaacha kukata mboga ya sukuma akasema, "Na wewe jina ulilitoa wapi? Shangazi yako yuko Kisumu anauza viatu, hajachimba kaburi." Kumbe huyo tunayemwita Mama Benedicte ndiye Vera. Nilimpigia simu nikamuuliza kama aliwahi kuhisi amepungukiwa. Akasema tangu nipewe jina lake yeye amenenepa tu. Hoja ya kwanza basi imekufa, na ya tatu ni mgonjwa. Hata hivyo nilitembea mpaka Nakasero nikaiacha barua kwa mlinzi. Aliuliza imetoka kwa nani, nikasema Vera. Akauliza Vera yupi. Nikamwambia, "Mdogo," nikarudi nyumbani.