Stika za Harusi ya Valdet

Jumatatu, 5 Agosti

Jirani yangu Behare ameniua tena leo. Kasimama getini kwake, mikono kiunoni, nyuma yake magari matatu ya wanawe, kila moja na stika nyeupe ya umbo la yai: CH. Yaani Uswisi. Akaniuliza kwa sauti ya kufika msikitini, msafara wetu wa kumchukua bibi harusi Jumapili utakuwa na magari ya nchi gani? Nikamjibu, ya nchi yenye barabara. Akasema pole, shoga, msafara wa harusi ya mwanawe mwaka jana ulikuwa CH mwanzo mpaka mwisho, watu wakawa wanapiga makofi njia nzima.

Pole! Mimi!

Kwetu hakuna aliyehama. Mjukuu wangu Valdet anaezeka mapaa ya watu hapa hapa Kosovo. Nimemlea tangu mama yake alipofariki, kwa mikono hii. Kijana wa dhahabu, ila hana CH hata moja. Haoi kinyonge nikiwa hai.

Darasa sikuliona hata kupitia dirishani. Herufi nilizisoma nyuma ya magari nikiuza pilipili hoho kando ya barabara: D Ujerumani, A Austria, S Uswidi. Zilizobaki alinimalizia Valdet. Kwa hiyo mambo ya stika usinifundishe.

Jumanne, 6 Agosti

Nimepata akili!

Nimekwenda kwa Rrustem, anayeuza vipuri vya magari yaliyokufa. Uwanja mzima wa magari ya Ulaya, yamelaliana kama vitunguu. Nikamwomba anipe ruhusa nibandue stika. Akauliza za nini. Nikasema za kubandika kwenye chupa zangu za achari. Akacheka hadi akakaa chini, akasema Mama Shkurte, siku hizi achari yako inasafiri sana.

Mjinga. Lakini akanipa waya mrefu wa umeme. Nikazipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele, nikabandua kwa kisu cha jibini. CH nne, D tatu, A moja. Pia FL moja. Hata Rrustem hajui ni nchi gani. Nzuri sana, nimeichukua.

Namba za magari tutazifunika kwa taulo za harusi, zile zinazofungwa kwenye magari ya msafara. Nani atainua taulo la harusi?

Alhamisi, 8 Agosti

Valdet amezikuta chini ya godoro langu. Bibi, hizi nini? Nikasema dawa ya mgongo. Hakucheka. Akasema mchumba wake Njomza hapendi kabisa mambo hayo, nisithubutu. Nikamwambia bibi harusi hajui anachopenda mpaka akione. Akaniapisha. Nikaapa, kwa uhai wa mbuzi wa Behare.

Hata hivyo bwana harusi hubaki nyumbani, msafara ndio unaokwenda kumleta mke. Hataona kitu. Desturi nzuri sana hii.

Jumapili, 11 Agosti

Lazima niandike yote leo leo.

Tulitoka vizuri. Magari tisa, matari, nyimbo, honi. Gari la mbele CH. Lile la Halimu, muuza jibini wetu, nikalibandika FL. Kijijini kwao Njomza watu wakapiga makofi! Wanawake wakapanda ukutani kuhesabu. Behare, tuliyekuja naye msafarani, akawa mwekundu kama achari ya pilipili. Nikanenepa hapo hapo kwenye kiti.

Tukashuka. Wajomba wa Njomza wakamzunguka Halimu, wanamwomba kazi ya vijana wao. Wakamuuliza anaishi wapi huko Ulaya. Akasema juu. Juu wapi? Juu kabisa.

Tukangoja. Chai imepoa, bibi harusi hatoki.

Shangazi yake akatoka, macho mekundu. Akasema Njomza kachungulia dirishani, kaona zile herufi, kavua shela. Baba yake alihamia Ujerumani yeye akiwa mchanga. Anamjua kwa mwezi wa Agosti tu, akija likizo, kama tikiti maji. Alimkubali Valdet kwa sababu moja: haondoki. Sasa kumbe ukoo mzima wa Ulaya! Leo paa, kesho Uswisi, na yeye aachwe kunihesabia meno. Hataki. Turudi tulikotoka.

Nikamwona kwa mawazo Valdet wangu, kule nyumbani, na suti yake, anatazama barabara.

Nikapiga magoti nyuma ya gari la kwanza, na nguo yangu ya hariri, nikaanza kubandua kwa kucha. Nikapiga kelele kuelekea dirishani: Mwanangu, ni uongo wangu mimi! Hili ni la mchinjaji! Hili la fundi bomba! Huyu wa FL hajawahi kuvuka hata mto! Watu wameshika vinywa. Behare anarekodi kwa simu, shetani. Nikavuta taulo zote, namba za hapa hapa zikaonekana.

FL ikakataa kabisa. Nikaing'ata.

Hapo ndipo nikasikia kicheko, juu ya kichwa changu. Njomza, na shela mkononi. Akasema: Inuka, Bibi, utabaki kibogoyo halafu nikulishe mimi.

Nikamkumbatia mpaka akaomba hewa.

Jumatatu, 12 Agosti

Valdet alininunia hadi mchana. Jioni akanibusu mkono, akasema nisirudie. Njomza akaniletea kahawa. Akasema nikidanganya tena, stika inayofuata itabandikwa mgongoni mwangu. Nampenda huyu mtoto. Nimempa bangili aliyoniachia mama yangu.

Nimewaahidi wote wawili. Ukweli mtupu kuanzia leo.

Jumatano, 14 Agosti

Jumapili wazazi wa Njomza wanakuja kututembelea mara ya kwanza. Shangazi yake bado ana wasiwasi, ati Valdet anaweza kushawishika akaondoka.

Nimefikiri usiku kucha. Mtu mwenye mifugo haendi popote.

Nimeazima ng'ombe sita. Wawili wamo ndani ya banda, mmoja amekula shuka la maharusi lililoanikwa. Yule mkubwa ana kengele yenye jina la mwenyewe, nimeivalisha soksi. Valdet akiuliza, nitasema wamekuja wenyewe.