Filamu Bubu ya Ambokile

Ambokile wa Mbeya aliiokota ile kanda ya video kwenye mitumba ya mtaa wa Point, bei ya andazi. Kichekesho cha zamani, kilichotokana na mchezo wa jukwaani: kila kitu sebuleni mwa tajiri mmoja, watu wanaingia mlango huu na kutokea ule. Sauti? Hakuna hata ya kuku. Wewe na mimi tungeirudisha. Yeye akabandika matangazo: "Filamu Mpya! Spika Nne!"

Jumamosi mchana chumba chake kilijaa. Mlangoni, kando ya televisheni, alimkalisha Colette, msusi Mkongomani, ashike mkoba wa viingilio. Mwezi uliopita Ambokile alimuuzia draya ya saluni iliyojaa kokoto ndani. Sasa akamwahidi mpya.

"Nikishawasha tu nakuja kuchukua mkoba, dada. Tunagawana."

"Sawa, papa," akasema Colette, akasukuma mfuko wake mzito chini ya kiti.

Mgawanyo wenyewe ulikuwa hivi: basi la Johannesburg saa kumi, Ambokile ndani, mkoba mapajani. Akawasha, akapiga hatua mbili.

"Sauti iko wapi?" Baudouin, mlinzi wa gereji, akamdaka kola.

"Eish, kaka! Hii... hii ni ya kutafsiriwa."

"Basi tafsiri."

Akatafsiri. Mume akampa sauti nzito, mke akamlilisha, mama mkwe akamkoholesha Kinyakyusa. Watu wakavunjika mbavu. Na Ambokile, maskini, sifa zikampanda kichwani. Basi la Johannesburg akalisahau kabisa.

Ikafika pale tajiri anapiga kinanda huku mtumishi ananyata na sanduku lake nyuma ya mgongo.

"Tazameni zuzu hili!" Ambokile akafoka, macho kwenye kioo, kisogo mlangoni. "Linaibiwa huku linajipigia muziki! Geuka, we bwege!"

Chumba kikalipuka. Kina mama wakapigana vikofi, mzee mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Ambokile hakuwahi kupata kicheko kama kile maishani mwake, akainama kushukuru, mkono kifuani. Nyuma yake Colette alikuwa ananyata, mkoba kwapani, kidole mdomoni. Baudouin akakunja miguu ampishe.

Filamu ilipokwisha, saa kumi na robo, Ambokile aligeuka. Kitini palikuwa na draya ile ile aliyomuuzia Colette. Akaiinua, kokoto zikalia ndani.

"Papa," Baudouin akauliza, akijifuta machozi, "na kesho unatuonyesha nini?"